Togwa na mtindi: Asidi inayomlinda mtoto, na pale isipoweza kumlinda

Miaka zaidi ya 15 iliyopita, nikiwa daktari mpya katika hospitali moja ya wilaya huko Nyanda za Juu Kusini, bibi mmoja aliletwa wodini na mjukuu wake wa miezi 11. Mtoto alikuwa anaharisha kwa siku tatu. Tulimpa maji ya chumvi na sukari ya pakiti, tukamwanzishia vidonge vya zinki, na kesho yake jioni alikuwa anacheka.

Siku ya kuwaruhusu nilimuuliza bibi mtoto anakula nini nyumbani.

“Ananyonya, mwanangu. Na mchana anakunywa togwa,” alijibu.

Nilimkatalia palepale. Nilimwambia kwamba uji uliochacha ni uji ulioharibika, una wadudu, na ndio uliomharisha mtoto. Nikamtaka ampe uji mtamu, uliopikwa upya. Bibi hakubishana. Alisema, “Haya, mwanangu, wewe ndiye uliyesoma,” akamfunga mtoto mgongoni, akaondoka.

Wiki tatu baadaye walirudi. Safari hii macho ya mtoto yalikuwa yamezama, ngozi ya tumbo ukiivuta hairudi haraka, na uzito ulikuwa umepungua. Nilipouliza, nikaambiwa walifuata maagizo yangu. Togwa waliacha. Mama alikuwa anapika uji alfajiri, anauacha kwenye sufuria, kisha yeye na bibi wanaenda shamba. Dada mdogo alikuwa anampa mtoto uji huohuo saa nne, saa nane na jioni.

Mtoto alipona, lakini alikaa kwetu siku sita. Siwezi kuapa kwamba uji ule ndio uliomwangusha. Mtoto wa umri huo ana njia nyingi za kupata kuhara. Ila muuguzi mkongwe wa wodi ile alinivuta pembeni akaniambia jambo ambalo sijalisahau: “Daktari, uji usiochacha haulali.” Alikuwa na maana kwamba uji mtamu ni wa kunywewa saa ileile, unaoweza kukaa ni ule uliochacha.

Ilinibidi nirudi kwenye vitabu. Leo, msomaji wangu, nataka tuzungumze juu ya kitu nilichopaswa kukijua siku ile: kinachotokea ndani ya chungu cha togwa na kibuyu cha maziwa, kwa nini kinaweza kumlinda mtoto, na wapi ulinzi wake unakomea.

Kuchacha si kuoza

Neno “kuchacha” kwetu hubeba mambo mawili. Maharage yaliyolala bila kupashwa yamechacha, tunamwaga. Maziwa yaliyoganda vizuri nayo yamechacha, tunakunywa. Tofauti ni nani aliyefanya kazi humo ndani.

Katika togwa na maziwa mgando, kazi hufanywa na kundi la vijidudu liitwalo bakteria wa asidi ya laktiki. Wapo kwenye nafaka, kwenye majani, kwenye kuta za kibuyu, na hata matumboni mwetu. Wengi wao hawana madhara kwa mtu mwenye afya.

Binadamu walitumia kazi yao maelfu ya miaka kabla ya kuwajua. Ni mwaka 1857 ndipo mwanasayansi wa Ufaransa, Louis Pasteur, akiwa katika mji wa Lille, alieleza kwamba uchachu huo huletwa na viumbe hai. Miaka ya 1870, Joseph Lister, daktari wa Uingereza anayekumbukwa kwa kuanzisha upasuaji unaozuia vijidudu, alifanikiwa kumtenga bakteria anayechachisha maziwa akabaki peke yake. Kwa hiyo bibi zetu walikuwa wakimfuga kiumbe ambaye sayansi ilimtambua juzi tu.

Bakteria anapataje chakula chake

Bakteria hawa wanaishi kwa sukari. Kwenye maziwa kuna sukari iitwayo laktosi, karibu gramu 5 katika kila mililita 100. Bakteria huikata vipande viwili, kimoja kikiwa glukosi, sukari ileile inayopimwa na mgonjwa wa kisukari.

Kwenye uji mambo ni magumu kidogo. Uji umejaa wanga, na wanga ni sukari nyingi zilizofungwa pamoja kama shanga kwenye uzi. Bakteria wengi wa aina hii hawawezi kuukata uzi huo. Ndiyo maana togwa huwekewa kimea, yaani unga wa ulezi au mtama uliooteshwa. Mbegu inapoota hutengeneza vimeng'enya vya kukata wanga ili mche mchanga upate chakula. Sisi tunaviazima. Ukikoroga kimea kwenye uji uliopoa kiasi, utaona uji mzito unalainika na kuwa mtamu ndani ya muda mfupi. Hapo uzi umekatika, shanga zimemwagika, na bakteria wanaanza kula.

Glukosi ikiingia ndani ya bakteria hupasuliwa hatua kwa hatua mpaka zinapatikana chembe mbili za kitu kiitwacho piruveti. Katika safari hiyo bakteria hupata faida ya vipande viwili tu vya nishati. Sisi, tunaotumia hewa ya oksijeni kumalizia kazi hiyo, tunapata karibu 30 kwa glukosi moja.

Sasa kuna tatizo. Wakati wa kupasua sukari, haidrojeni hutolewa na lazima ibebwe. Wabebaji ni wachache. Fikiria kijiwe chenye bodaboda tano: kila moja ikipakia abiria na kukosa pa kumshusha, hakuna itakayorudi kuchukua mwingine, na kijiwe kitasimama. Sisi huwashusha abiria kwenye oksijeni. Bakteria hawa hawana utaratibu huo, kwa hiyo humshusha abiria kwenye ileile piruveti. Piruveti ikipokea haidrojeni inageuka kuwa asidi ya laktiki. Bodaboda zinarudi kijiweni, na asidi inatupwa nje ya bakteria, kwenye maziwa au uji wetu.

Misuli yako hufanya jambo linalofanana unapokimbilia daladala na hewa haitoshi.

Kwa kuwa faida ni ndogo, bakteria hulazimika kula sukari nyingi ili aishi na kuzaana. Akila nyingi, asidi nayo inakuwa nyingi. Ndiyo maana maziwa yaliyolala usiku mmoja mahali pa joto asubuhi yamebadilika kabisa.

Wapo wanaogeuza karibu sukari yote kuwa asidi ya laktiki. Wengine hufuata njia nyingine: wanatoa asidi ya laktiki, hewa ya kaboni dayoksaidi, na kilevi kidogo au asidi ileile iliyomo kwenye siki. Viputo unavyoviona juu ya togwa, na ule mkwaruzo mtamu ulimini, ni kazi ya kundi hili likisaidiana na hamira za asili.

Kwa nini wadudu wa kuhara hushindwa

Maziwa mabichi yana kipimo cha pH karibu 6.7, yaani karibu na maji ya kawaida. Kadiri asidi inavyoongezeka, kipimo kinashuka. Kikifika karibu 4.6, protini ya maziwa iitwayo kaseini hushikana, na maziwa yanaganda. Togwa iliyoiva vizuri hushuka chini ya 4.

Bakteria wengi wanaoharisha watoto hawazaliani katika hali hiyo, na wengi hufa taratibu. Asidi ya laktiki ina hila yake. Katika uchachu mkali, sehemu yake kubwa huwa haina chaji, na hivyo hupenya ukuta wa bakteria kama mtu anayejulikana na mlinzi. Ikifika ndani, ambako si pachachu, inajifungua na kumwaga asidi. Bakteria huyo anatumia nguvu zake zote kuitoa nje, anakosa nguvu ya kuzaana, anachoka. Wale wa asidi ya laktiki wamezoea. Wao wanastahimili uchachu ambao wenzao hawauwezi, ingawa mwisho hata wao husimama.

Huu ndio mpango niliouvunja siku ile wodini. Uji mtamu, wa uvuguvugu, uliokaa saa nane kwenye joto ni mahali pazuri mno kwa vijidudu. Baadhi yao wakiwa mahali pazuri hujigawa mara mbili kila baada ya dakika 20 hadi 30. Bakteria mmoja aliyeingia na kijiko kisichooshwa saa mbili asubuhi, kufika saa kumi jioni anaweza kuwa na kizazi cha mamilioni. Kwenye uji uliochacha vizuri, kizazi hicho hakipatikani.

Watafiti wa hapa Tanzania, wakiwemo wa Taasisi ya Chakula na Lishe, walilishughulikia jambo hili miaka ya 1990. Walilinganisha watoto waliokunywa uji uliochachishwa na wale wa uji wa kawaida, wakaona dalili kwamba kuhara kulikuwa kuchache zaidi kwa wanaotumia uji wa kuchachisha. Kwa hiyo bibi yule hakuwa na ushirikina. Alikuwa na ujuzi ambao mimi sikuwa nao.

Faida nyingine

Ya kwanza ni nguvu ya chakula. Tumbo la mtoto wa mwaka mmoja ni dogo. Uji mwepesi anaoweza kuumeza una maji mengi na unga kidogo; anashiba kabla hajapata nguvu ya kutosha. Ukiongeza unga uji unakuwa kama ugali na anautema. Kimea kinatatua hilo: unapika uji mzito wenye unga wa kutosha, kisha kimea kinaulainisha bila kuongeza maji. Kikombe kilekile kinabeba chakula kingi zaidi.

Ya pili ni damu. Nafaka zina kitu kiitwacho fitati, ambacho hushika madini ya chuma na zinki ili yasifyonzwe na mwili. Kuotesha nafaka na kuichachisha huamsha vimeng'enya vinavyovunja fitati, na madini yanapatikana kwa urahisi zaidi. Kwa nchi yenye watoto wengi wenye upungufu wa damu, hili si dogo. Lakini togwa peke yake haina chuma cha kutosha. Mtoto bado anahitaji dagaa, nyama, maini, mayai, kunde na mboga.

Ya tatu ni kwa wale ambao maziwa huwasumbua tumbo. Mtoto mchanga ana kimeng'enya cha kukata laktosi. Kwa watu wengi duniani, Waafrika wengi wakiwemo, kimeng'enya hicho hupungua baada ya kuacha kunyonya. Akinywa maziwa freshi, laktosi hufika utumbo mpana bila kukatwa, na huko bakteria wengine huichachisha: tumbo linajaa gesi, linanguruma, na mara nyingine anaharisha. Jamii za wafugaji nyingi zina mabadiliko ya vinasaba yanayowawezesha kuendelea kunywa maziwa hata ukubwani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007, ukiongozwa na Sarah Tishkoff wa Marekani, uliyapata mabadiliko hayo kwa watu wa Tanzania, Kenya na Sudan.

Kwa asiye nayo, mtindi humfaa zaidi. Sehemu ya laktosi imeshaliwa na bakteria, na bakteria hai waliomo hufika tumboni na vimeng'enya vyao, wakaendelea kuikata humo. Mwaka 2010 Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilikubali kwamba faida hii imethibitishwa kwa mtindi wenye bakteria hai.

Asidi haisafishi kila kitu

Nikiishia hapo nitakuwa nimefanya kosa jingine kubwa kuliko la kwanza. Mwaka uliopita nilimpokea baba mmoja kijana aliyekuwa na homa za kupanda na kushuka kwa miezi miwili. Alitokwa jasho usiku, viungo na mgongo vilimuuma, na alikuwa amekonda. Alikuwa ametibiwa malaria mara tatu na homa ya matumbo mara mbili, bila nafuu ya kudumu. Nilipomuuliza anakula nini alitabasamu: “Mimi daktari najali afya. Kila siku nusu lita ya mgando wa kienyeji, yale maziwa halisi.”

Maziwa yenyewe yalitoka kwa jirani, hayakuwahi kuchemshwa. Yaliachwa yagande yenyewe. Vipimo vilionyesha ugonjwa wa brusela, ule ambao kwa ng'ombe na mbuzi husababisha kutupa mimba. Alilazimika kutumia dawa za aina mbili kwa wiki sita. Mke wake alikuwa mjamzito, naye akinywa maziwa hayohayo. Tulilazimika kumpima haraka. Kwa bahati njema hakuwa ameambukizwa.

Bakteria wa brusela anaweza kuendelea kuishi kwa siku kadhaa, hata wiki, ndani ya maziwa yaliyoganda. Kifua kikuu cha ng'ombe nacho kinaweza kupita kwenye maziwa mabichi. Zipo pia aina za bakteria wa kuhara damu wanaostahimili uchachu. Asidi huzuia wageni wanaoingia baadaye; haiwezi kutegemewa kuwaua waliokuja na maziwa kutoka kwenye kiwele.

Kanuni ni hii: chemsha kwanza, gandisha baadaye. Watu huniambia maziwa yaliyochemshwa hayagandi. Yanaganda, ila moto umeua bakteria wote, wabaya na wazuri, hivyo inabidi uwarudishe wazuri kwa kuweka mbegu ya mtindi.

Jambo la pili ni sumukuvu. Hii ni sumu ya ukungu unaoota kwenye mahindi, karanga na nafaka zisizokaushwa au zisizohifadhiwa vizuri. Mwaka 2016 watu walipoteza maisha katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa sababu yake. Kuchemsha hakuiondoi, na kuchachisha hakuwezi kutegemewa kuiondoa. Mahindi yenye ukungu, yaliyobadilika rangi au kusinyaa, usimchachishie mtoto, wala usiwatupie mifugo, kwa maana ng'ombe akiila inatokea kwenye maziwa.

Jambo la tatu ni sumu ambazo bakteria wameshazitengeneza. Uji au maziwa yaliyokaa joto siku nzima, ukayachachisha usiku ili yasiharibike, umechelewa. Baadhi ya sumu hizo hazifi hata kwa kuchemsha. Chachisha chakula kikiwa kizima. Kuchachisha si njia ya kukifufua.

Mtindi unaokataa kuganda

Kuna mama aliniambia kwa hasira kwamba mwenye ng'ombe anamuuzia maziwa yenye maji, kwa sababu siku mbili mfululizo mtindi umegoma. Maji yanaweza kuwa sababu ya mtindi kuwa mwepesi. Lakini ukiweka mbegu nzuri kwenye maziwa ya joto sahihi na yakabaki vilevile bila hata uchachu, uliza swali jingine: je, ng'ombe ametibiwa karibuni?

Ng'ombe akichomwa antibayotiki, kwa mfano kwa ugonjwa wa kiwele, dawa hutoka kwenye maziwa kwa siku kadhaa. Bakteria wa mtindi ni wepesi kudhurika na dawa hizo. Hawazaliani, hawali sukari, hakuna asidi. Kuchemsha maziwa hakuondoi dawa yote. Maziwa hayo yanaweza kumletea madhara mtu mwenye mzio wa penisilini, na yanachangia vijidudu kuzoea dawa tunazozitegemea hospitalini. Mfugaji anapaswa kumwaga maziwa mpaka ziishe siku alizoelekezwa na mtaalamu wa mifugo. Najua ni hasara. Ila mnunuzi ana haki ya kuuliza.

Asidi hiyohiyo mdomoni

Mdomoni nako kuna bakteria wanaogeuza sukari kuwa asidi ya laktiki, na hawa hutoboa meno. Mtoto akilala na chupa ya maziwa au chai ya sukari, wanakula usiku kucha, na uchachu ukishuka chini ya karibu 5.5 tabaka gumu la jino huanza kuyeyuka. Kwa hiyo togwa na mtindi ni vya kunywa wakati wa mlo, si vya kuchovya siku nzima kwenye chupa. Mpe maji baadaye, na mswaki wenye dawa ya floraidi asubuhi na kabla ya kulala. Mtindi wa dukani wenye sukari nyingi na rangi hauna ubora kuliko ule mweupe usio na sukari.

Namna ya kuandaa kwa usalama

Togwa ya mtoto:

• Chagua nafaka safi isiyo na ukungu. Kimea cha ulezi ni kizuri. Ukitumia mtama, ukishauotesha na kuukausha, sugua uondoe vichipukizi na vimizizi vyote kabla ya kusaga, kwa sababu vina kitu kinachoweza kutoa sumu ya sianidi.

• Pika uji mzito uive kabisa. Uache upoe mpaka uwe wa uvuguvugu. Ukiweka kimea kwenye uji unaochemka, vimeng'enya vinaharibika na uji hautalainika.

• Nawa mikono kwa sabuni. Weka kimea, koroga, kisha ongeza vijiko kadhaa vya togwa nzuri ya jana kama mbegu. Hii ni muhimu: kimea ni unga mbichi na huja na vijidudu vyake, kwa hiyo tunataka asidi iwahi.

• Funika kwenye chombo safi, mahali pa joto, saa 12 hadi 24. Iwe chachu waziwazi. Kama baada ya siku nzima haijachachuka, ina utelezi, ukungu au harufu mbaya, mwaga.

• Kwa mtoto wa chini ya miaka miwili, chemsha tena kidogo kiasi anachokunywa, kisha kipoe. Bakteria watakufa, lakini asidi inabaki. Hapo unapata usalama wa moto pamoja na ule wa uchachu.

• Usimpe mtoto togwa iliyokaa siku mbili au tatu. Hamira zinaendelea na kazi, na kinachopatikana ni pombe.

Mtindi:

• Chemsha maziwa mpaka yapande, yaache yapoe mpaka uweze kuvumilia kidole humo huku ukihesabu hadi kumi.

• Kwa lita moja, weka vijiko viwili au vitatu vya chakula vya mtindi mweupe wenye bakteria hai. Koroga, funika, kizungushie kitambaa au blanketi kitunze joto, kwa saa sita hadi nane.

• Yakiganda, yaweke kwenye jokofu. Kama huna, andaa kiasi cha kuisha siku hiyohiyo.

Nani asubiri, na lini ukimbilie kituoni

Mtoto wa chini ya miezi sita anahitaji maziwa ya mama tu. Si togwa, si mtindi, si maji. Na jambo la kupendeza ni kwamba maziwa ya mama yana sukari maalumu zinazolisha bakteria wazuri tumboni mwa mtoto, nao hutengeneza asidi. Choo chenye uchachu kidogo cha mtoto anayenyonya ni dalili kwamba kazi inaendelea. Kuanzia miezi sita, mwanzishie vyakula vya nyongeza huku akiendelea kunyonya mpaka afike miaka miwili au zaidi. Maziwa ya ng'ombe, hata mtindi, yasichukue nafasi ya maziwa ya mama kabla ya mwaka mmoja. Vijiko vichache kama sehemu ya chakula vinatosha.

Mtoto aliyezaliwa njiti, mtu anayetibiwa saratani, au yeyote mwenye kinga dhaifu sana, aulize daktari wake kabla ya kutumia vyakula vyenye bakteria hai. Mwenye kisukari asidhani togwa haina sukari kwa kuwa ni chachu. Kimea kimemwaga sukari nyingi humo.

Mtoto akiharisha, togwa si dawa. Dawa ni maji ya chumvi na sukari ya pakiti kila anapoharisha, zinki kwa siku 10 hadi 14, kunyonya na kula kuendelea. Mpeleke kituo cha afya haraka akiwa na choo chenye damu, anatapika kila kitu, macho yamezama, amelegea au hataki kunyonya, ana degedege, au homa kali. Na mtu mzima mwenye homa ya zaidi ya wiki mbili, anayekunywa maziwa yasiyochemshwa, amwambie daktari habari ya maziwa hayo hata kama hajaulizwa.

Kabla sijahamishwa kutoka hospitali ile, nilimwona tena yule bibi siku ya kliniki ya watoto. Nilimpa shikamoo, nikamwomba radhi, nikamwambia arudie togwa, ila nikaongeza neno la kuichemsha tena kabla ya kumpa mtoto. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, “Mbona hilo la kuchemsha nilikuwa nalifanya, mwanangu? Hukuniuliza.”

Tangu siku hiyo, kabla ya kumwambia mzazi aache chochote, nauliza kwanza anakiandaaje. Nawe mzazi, ukija kwetu na daktari akakuagiza uache chakula cha kwenu bila kukuuliza, usikae kimya. Mweleze unavyokiandaa, hatua kwa hatua. Huenda akakuongezea hatua moja ya usalama, au akajifunza kitu kama nilivyojifunza mimi.

Mwandishi wa safu hii ni daktari wa binadamu. Maelezo haya hayachukui nafasi ya ushauri wa daktari anayekuhudumia.